Njia Hufuata Watu: Habari za Korogwe na Handeni

Wasikilizaji wetu, jioni hii twataka kunena habari za jambo ambalo kila msafiri huliona, lakini wachache hulitafakari: kwa nini basi hupita hapa, na pale lisipite? Wengi hudhani ya kuwa mwenye gari huchagua njia kama apendavyo. Sivyo; na historia ya Korogwe na Handeni yatuonyesha.

Hapo kale misafara ilitoka Pangani ikafuata bonde la mto Ruvu kwenda bara, kwa kuwa huko palikuwa na maji na chakula cha kununua. Hata mwaka 1893 Wadachi wakaanza kujenga reli kutoka Tanga. Ilifika Korogwe mwaka 1902, na Moshi mwaka 1911. Mwaka ule ule wa 1893 Dr. Hindorf alileta miche ya mkonge, nayo iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Mashamba yakaenea kandokando ya reli. Mashamba yakavuta vibarua, na vibarua wakavuta maduka. Hivyo Korogwe ikakua.

Handeni haikupata reli ya namna ile. Katika Vita Kuu ya kwanza Wadachi waliweka reli ndogo ya vitoroli kutoka Mombo kuelekea Handeni, hata majeshi ya Waingereza yakauteka mji huo mwezi wa Juni 1916. Reli ile iliwekwa kwa ajili ya vita, si kwa abiria wala kwa mahindi ya mkulima. Leo haiko. Njia isiyo na watu wake haidumu.

Basi na tutazame mabasi. Gari likienda limejaa na kurudi tupu, faida ya kwenda huliwa na mafuta ya kurudi. Kwa hiyo mwenye gari hutazama siku za gulio, wakati wa mavuno, na siku shule zifungwapo. Tena hutazama maungano. Handeni ina milango miwili: Korogwe, mwendo wa kilomita 65 hivi, na Mkata, kilomita 54 hivi. Aendaye Moshi hutafuta gari Korogwe. Aendaye Dar es Salaam huikuta barabara kuu Mkata. Na njia ya Tanga huachana na ile ya Moshi pale Segera. Basi la Handeni likichelewa kidogo tu, gari kubwa limekwisha pita, na mgonjwa apelekwaye hospitali amepoteza siku nzima.

Lakini liko kosa moja katika hesabu hii. Kijiji kisicho na basi, watu wake hutembea kwa miguu au hupanda pikipiki. Mwenye gari akipita haoni abiria barabarani, husema, "Hapa hapana watu." Nao wapo, ila hawakuhesabiwa.

Kwa hiyo twawashauri wanakijiji: hesabuni ninyi wenyewe. Andikeni ni wangapi waendao gulioni, shuleni na hospitalini, na siku gani. Kisha pelekeni habari hizo kwa wenye magari, na kwa LATRA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, itoayo leseni za njia. Reli ilikuja pasipo mtu kutuuliza; basi hungoja kuambiwa.