Kabla hujauza gari la babu kama chuma chakavu

Cadillac Eldorado ni gari la kifahari la Marekani lenye paa la kukunja. Lilitoka mwaka 1953, na mwaka huo yaliundwa 532 tu. Bei yake ilikuwa dola 7,750, ghali kuliko Cadillac nyingine za kawaida za wakati huo. Rais Eisenhower alipanda moja siku ya kuapishwa kwake.

Wapenzi wa magari ya kale huangalia mambo matatu: uchache, historia, na uasili, yaani injini, viti na vioo viwe vile vilivyotoka kiwandani.

Kuleta gari kama hilo Kenya ni shida. Usukani wake uko kushoto, na kanuni za nchi hazikubali gari lililotumika lenye zaidi ya miaka minane. Kwa hiyo hazina yetu ni magari ambayo tayari yako hapa.

Thika ina historia yake. Kiwanda cha Leyland, ambacho leo ni Kenya Vehicle Manufacturers, kilianzishwa huko mwaka 1974, kikaunganisha Land Rover na Volkswagen Kombi. Si Cadillac, lakini kipimo ni kilekile.

Basi ukiwa na gari la babu limefunikwa turubai uani, Ruiru au Likoni, usikimbilie kulipima kwa kilo. Tafuta kwanza kitabu chake cha usajili, linganisha nambari ya injini, wala usitupe kipuri cha asili. Ya kale ni dhahabu, lakini ikishayeyushwa hairudi.