Sonona na Historia ya Uhamisho katika Nyanda za Juu za Buha

Katika tawala za kale za Heru, iliyo Kasulu ya leo, na Muhambwe, iliyo Kibondo, ambako Waha, wenyeji wa Buha, waliongozwa na Mwami, yaani mtawala wa jadi, mtu aliyenyamaza kwa miezi na kuacha shamba lake aliweza kudhaniwa kuwa ameguswa na mizimu, na ndugu zake wakamtafutia mganga wa kuagua au kubandwa, ibada ya kupandwa na pepo iliyoenea katika nchi za maziwa makuu. Tafsiri hiyo haikujua kemia ya ubongo, lakini ilimwacha mgonjwa miongoni mwa watu wake.

Utawala wa kikoloni ulileta mtazamo mwingine. Wajerumani waliwapokea wagonjwa wa akili Lutindi, Usambara, kuanzia mwaka 1904, na baadaye Waingereza wakajenga Mirembe, Dodoma, mbali mno na Buha. Aliyepelekwa huko kwa kawaida ni yule aliyewatisha wenzake, si yule aliyedhoofika kimya kimya nyumbani. Maradhi yenye kubadili tabia yaliyoishughulisha serikali Buha yalikuwa malale, ambayo huambukizwa na mbung'o na ambayo vimelea vyake, vikiingia ubongoni, huvuruga usingizi na hisia; kwa ajili yake, kuanzia mwaka 1933, familia nyingi zilitolewa katika makazi yao zikakusanywa mahali pamoja.

Uhamisho wa aina nyingine ulifuata. Baada ya Rais Melchior Ndadaye wa Burundi kuuawa Oktoba 1993, maelfu ya Warundi walivuka mpaka kuingia Kibondo na Kasulu, na mwaka 1996 vita vya Zaire viliwaleta Wakongo katika kambi ya Nyarugusu. Hapo ndipo magonjwa ya hisia, yaani yale yanayopotosha hali ya moyo kupita huzuni au furaha ya kawaida, yalipohitaji kutazamwa kwa majina yake. Ugonjwa wa kwanza ni sonona, ambapo kwa wiki mbili au zaidi mtu hukosa raha karibu kutwa nzima, usingizi na hamu ya chakula humpotea au huzidi, hujilaumu bila sababu na pengine hutamani kufa. Wa pili ni baipola, ambapo vipindi vya sonona hupishana na vipindi vya msisimko uliopita kiasi, mgonjwa akilala kidogo, akisema mfululizo na kutumia mali ovyo.

Chanzo si kimoja: urithi wa damu una sehemu yake, hasa katika baipola, kama ulivyo na sehemu yake msiba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Lancet ulikadiria kuwa mtu mmoja kati ya watano katika maeneo yenye vita ana ugonjwa wa akili. Hata hivyo, ni kosa kubwa kuzitazama risasi peke yake, kwa maana kusubiri pasipo kikomo, bila ruhusa ya kutoka kambini kwenda kulima au kutafuta kibarua, nako hudhoofisha moyo hata wa mtoto aliyezaliwa humo na asiyewahi kusikia bunduki.

Kambi zenyewe nazo hazikudumu: Mtabila, kambi ya Kasulu, ilifungwa mwaka 2012. Nduta, Kibondo, ilifunguliwa tena Oktoba 2015 baada ya ghasia mpya za Burundi, na humo shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilitoa ushauri nasaha pamoja na tiba ya mwili. Kambi ya Mtendeli nayo ilipofungwa mwaka 2021, wakazi wake walihamishiwa Nduta, ingawa tiba ya baipola hutaka dawa zisizokatizwa na ya sonona hutaka mshauri yule yule anayeijua historia ya mgonjwa.