Fuvu la Kalenga na Mfereji wa Madibira

Tarehe 19 Juni 1954, huko Kalenga, Gavana Edward Twining alimkabidhi Chifu Adam Sapi fuvu linaloaminiwa kuwa la babu yake, Mtwa Mkwawa, aliyejiua mwaka 1898 asishikwe na Wajerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, uliagiza lirejeshwe ndani ya miezi 6. Ikapita miaka 35. Twining alikwenda mwenyewe Bremen, akalichagua miongoni mwa mafuvu mengi ya makumbusho kwa kulinganisha vipimo na vichwa vya jamaa walio hai. Mkabidhiano ule, kwa lugha ya maofisi, ulikuwa programu maalumu: ulikuwa na mfadhili, na mfadhili alikuwa na haja yake, kwani Mau Mau walikuwa wakipigana Kenya na serikali ilihitaji Wahehe wawe upande wake.

Mwaka 2016, katika jengo la zama za Wajerumani mjini Iringa, ikafunguliwa makumbusho ya Iringa Boma, matunda ya mradi wa Fahari Yetu wa Chuo Kikuu cha Iringa, kwa fedha za Umoja wa Ulaya. Kazi njema, siibezi. Lakini fedha za mradi zina tarehe ya kwisha. Paa na mishahara havina.

Sasa shuka nami, msomaji, hadi Madibira, pembezoni mwa bonde la Usangu, wilayani Mbarali. Hapa Mkwawa si jina lenye maana moja. Wahehe waliwafukuza Wasangu katika nchi yao, na Merere, mtawala wao, akashikana mkono na Wajerumani ili arudi. Ni nani atalipia chumba cha kumbukumbu hiyo? Shujaa hupata wafadhili upesi. Aliyehamishwa na shujaa hangoji ila wajukuu zake.

Madibira wana skimu ya umwagiliaji ya hekta zipatazo 3,000, iliyojengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Mfadhili aliondoka, mfereji ukabaki mikononi mwa wakulima na ushirika wao, maana mwenye jaruba la mpunga anajua gharama ya maji yasiyofika. Makumbusho yetu, hata haya ya visiwani, hayajapata wanachama wa namna hiyo. Tunao wageni wa kiingilio, na siku za ngoma tunao watazamaji, wakitoka hujipangusa vumbi na kwenda zao.