Sinema ya Bure Ina Mlipaji

Wizi wa filamu haukuanza na intaneti. Tanzania Bara haikuwa na kituo chake cha televisheni hadi mwaka 1994. Kabla ya hapo, asiyekwenda kwenye jumba la sinema alitegemea mkanda wa VHS, na mikanda mingi iliyozunguka mitaani ilikuwa nakala ya nakala. Tulilipa kiingilio kidogo kwenye banda la video, tukabanana kwenye mabenchi na kumshangilia steringi. Hatukuuliza mwenye filamu kapata nini.

Kwa mtazamaji hatari ilikuwa ndogo: mkanda mchafu uliharibu hedi ya deki, basi. Aliyeumia ni mtengenezaji, na maadamu alikuwa Hong Kong, Bombay au Hollywood, kilio chake hatukukisikia. Tulikisikia vijana wetu walipoanza kutoa filamu zao kwa wingi miaka ya 2000. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilikuwapo tangu mwaka 1999, na mwaka 2013 zikaletwa stempu za kodi kwenye CD na DVD. Hata hivyo nakala bandia ziliendelea kuuzwa barabarani.

Hivi leo banda limehamia ndani ya simu. Agosti 2024 ilitangazwa kwamba Fmovies, mtandao wa filamu za wizi ulioendeshwa kutoka Hanoi, Vietnam, umefungwa kwa msaada wa polisi wa huko. Muungano wa kampuni za filamu ulisema mtandao huo na washirika wake ulitembelewa zaidi ya mara bilioni 6.7 kati ya Januari 2023 na Juni 2024.

Sasa jiulize: asiyetoza kiingilio anakula nini? Anakula matangazo, na aghalabu ni yale ambayo mfanyabiashara mwenye jina hawezi kuyagusa. Unabonyeza ili filamu ianze, unafunguka ukurasa wa kamari. Unabonyeza tena, unaambiwa simu yako ina virusi, pakua programu ya kuisafisha. Programu hiyo ndiyo mwizi mwenyewe.

Simu si deki. Tangu huduma za pesa kwa simu ziingie nchini mwaka 2008, simu imekuwa pochi. Programu ya wizi yaweza kusoma ujumbe wako na kunasa namba zako za siri. Tena simu hiyo hiyo ndiyo anayoangalizia mtoto katuni. Mchuma janga hula na wa kwao.

Njia za halali zipo, na si zote za kulipia. Netflix ilifika kwetu Januari 2016, kwa ada ya mwezi. Wasanii wengi wa nyumbani huweka kazi zao wenyewe kwenye YouTube. Wewe unagharimia bando tu, na msanii anaweza kupata fungu lake la matangazo. Hakikisha tu kwamba chaneli ni ya mwenye kazi, si ya aliyeichukua kwa mwenzake. Programu ipakue kutoka duka rasmi la simu yako, si kwenye kiungo ulichorushiwa na usiyemjua.

Zamani za banda, sinema ya wizi ililipiwa na msanii peke yake. Siku hizi mtazamaji naye analipa, tena anakatwa bila kupewa risiti.