NESI ANAJIFUNZIA WAPI? Sehemu ya 3: Wanafunzi wanaofundishana

Kuna swali halikauki: "Nesi, mbona leba wananiletea wanafunzi wawili, mmoja anamwelekeza mwenzake? Ina maana mimi ni wa kujifunzia?"

Hofu hiyo ni halali kabisa. Ngoja nikupe historia yake, halafu utapima mwenyewe.

Mwaka 1789 Mskoti mmoja, Andrew Bell, alipewa kusimamia shule ya watoto yatima kule Madras, India, mji ambao leo unaitwa Chennai. Aliwahi kuona watoto wakiandika herufi kwenye mchanga, akaichukua mbinu ile, akawapa watoto waliokwisha kujua kazi ya kuwafundisha wasiojua. Walimu walikuwa wachache, wanafunzi tele. Hakuna aliyekuwa akiwaza unesi hapo, lakini shida ni ileile ya vyuo vyetu: mikono ya kufundishwa ni mingi kuliko ya kufundisha.

Mwaka 1860 Florence Nightingale akaanzisha shule yake ya wauguzi katika hospitali ya St Thomas', London. Wanafunzi walijifunza wodini, wakitazama na kutenda chini ya masista waliokuwa na uzoefu. Utaratibu mzuri, ila una doa moja: mkono usiozoea unazoea juu ya mgonjwa.

Sasa angalia kilichotokea Marekani mwaka 1911. Mkuu wa shule ya wauguzi ya Hartford Hospital alichoshwa na madubwana ya majani makavu waliyokuwa wakifanyia mazoezi. Akamwomba Martha Chase, mama aliyekuwa akitengeneza wanasesere wa watoto, amtengenezee mmoja wa ukubwa wa mtu mzima. Wanafunzi wakamwita Mrs. Chase. Wakamwogesha, wakamgeuza, wakamvisha, hata mara mia, naye halalamiki! Mwaka 1960 akaja Resusci Anne wa Mnorwe Åsmund Laerdal, yeye naye mtengeneza midoli, kwa ajili ya kujifunza kumpulizia pumzi mtu aliyezimika.

Na sisi je? Hapa ndipo nataka mama usome taratibu.

Kuanzia mwaka 2009, hospitali 8 za Tanzania zilijaribu mafunzo ya kumsaidia mtoto anayezaliwa bila kupumua. Yanaitwa Helping Babies Breathe. Wanafunzi hukaa wawiliwawili na mdoli mmoja. Mmoja anakuwa mkunga, mwenzake anaminya vipira vinavyomfanya mdoli alie, apumue, au kitovu kipige. Halafu wanabadilishana. Mtoto asipopumua, wana dakika moja tu kuanza kumpa hewa, ile tunayoiita dakika ya dhahabu. Mwenzako anakutazama, anakuambia, "Kidevu umekikunja, hewa haiingii." Unarudia.

Zaidi ya watoto 80,000 walifuatiliwa. Vifo vya siku ya kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Yaani karibu nusu!

Lakini historia haikuishia kwenye makofi. Katika hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, waligundua kwamba baada ya mafunzo ya siku moja, wahudumu walimhudumia mdoli vizuri zaidi, ila kwa watoto halisi mambo hayakubadilika sana. Basi wakaleta mazoezi kazini kwao: dakika chache tu, mara kwa mara, wakiongozwa na wenzao wa palepale. Vifo vya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa.

Unaona siri iko wapi? Mwalimu anakuja mara moja na kuondoka. Mwenzako yupo kila siku, na kwake huogopi kuuliza swali la kijinga. Hata huyo anayefundisha, mkono wake unakaza zaidi, maana huwezi kumwelekeza mtu jambo usilolijua vizuri.

Ila tusidanganyane: wanafunzi wawili wasiojua wanaweza kuambukizana kosa. Kipofu hamwongozi kipofu. Ndiyo maana kufundishana kunaanzia kwa mdoli, na wakija kwako lazima awepo mkunga aliyesajiliwa anayewasimamia.

Kwa hiyo mama, ukiwaona wawili, uliza kwa upole: "Msimamizi wenu ni nani?" Una haki ya kujua, una haki ya kukubali, na una haki ya kukataa. Na ukikubali, jua umemsaidia mama mwingine ambaye bado hajafika leba.

Nyumbani pia, mfundishane. Ukionyeshwa kusafisha kitovu au kumnyonyesha mtoto, mwelekeze baba au dada, kisha afanye yeye huku wewe unatazama. Kusema "nimeelewa" hakutoshi. Mikono ndiyo itoe jibu.

Sehemu ya 4 inakuja. Mtumie mjamzito mmoja unayemjua asome hii.