Fahali wa Tarakimu na Fahali wa Ukoo

Katika miaka ya 1940 na 1950 wafugaji wa ng'ombe wa Hereford nchini Marekani walikumbwa na msiba walioutengeneza kwa macho yao. Majaji wa maonyesho ya mifugo walikuwa wakiwatuza mafahali wafupi, wanene, wa miguu mifupi, na kila mwenye ranchi akatafuta fahali wa umbo hilo. Kumbe wengi wa mafahali hao walibeba jeni ya ubilikimo. Mwenye nakala moja hakuonyesha kasoro yoyote. Lakini ndama aliyerithi nakala mbili, moja kwa baba na moja kwa mama, alizaliwa kibeti, tumbo limevimba, akipumua kwa kukoroma, na mara nyingi hakufika umri wa kuuzwa. Iliwachukua wafugaji miaka mingi ya kufuatilia nasaba na kupandisha kwa majaribio kabla ya kuusafisha ukoo huo.

Nimetanguliza kisa hiki kwa sababu mjadala wetu wa Afrika Mashariki kuhusu uteuzi wa mafahali huanza vibaya. Husemwa kwamba wenzetu wana sayansi na sisi tuna mazoea. Ukweli ni kwamba kumchagua fahali kwa sura yake ni tabia ya mataifa yote. Wahima wa Ankole wamependa tangu zamani ng'ombe wa rangi ya bihogo, ule wekundu uliokolea, na pembe nyeupe zenye mpindo mzuri. Watunzaji wa ng'ombe wa Inyambo katika makundi ya wafalme wa Rwanda nao waliteua kwa urefu wa pembe. Wamarekani walipenda umbo la pipa. Linaloleta tofauti ya kweli ni lile linalofuata baada ya jicho: mfugaji hupataje habari za kitu asichokiona?

Marekani ilijibu kwa hesabu. Jay Lush wa Iowa alichapisha mwaka 1937 kitabu kilichoweka misingi ya uteuzi wa mifugo kwa takwimu, na Charles Henderson, aliyesomea huko huko Iowa kabla ya kufundisha Chuo Kikuu cha Cornell, akabuni njia ya kukokotoa thamani ya urithi ya kila mnyama kwa kuunganisha vipimo vyake na vya ndugu zake wote. Mwaka 1971 chama cha wafugaji wa Simmental kilitoa orodha ya kitaifa ya kulinganisha mafahali kwa uzao wao. Australia ikafuata na mfumo wake, BREEDPLAN, mwaka 1985.

Fungua leo kitabu cha mnada wa mafahali wa Angus kule Montana. Chini ya kila fahali utakuta safu za tarakimu: wepesi wa kuzalisha, uzito wa kuzaliwa, uzito wa kuachishwa, uzito wa mwaka mmoja, maziwa ya mabinti zake, mafuta yaliyotawanyika ndani ya nyama. Tuseme fahali mmoja ameandikiwa +60 kwenye uzito wa kuachishwa na mwenzake +40, kwa ratili. Wakipandishwa kwa majike wa aina moja, ndama wa yule wa kwanza wanatarajiwa kuwazidi wa pili kwa wastani wa ratili 20, yaani kilo 9 hivi. Karibu na kila tarakimu kuna nyingine ndogo, kati ya 0 na 1, ya kuonyesha kadirio hilo ni la kutegemewa kiasi gani. Fahali mchanga asiye na mtoto huwa na kiwango cha chini. Aliyezalisha mamia kwa uhimilishaji hukaribia 1. Mnunuzi asiyeitazama tarakimu hii ndogo ananunua bahati.

Nguvu ya hesabu hii imo katika sharti moja: ndama hupimwa dhidi ya rika lake tu, wale waliozaliwa msimu uleule, wakala malisho yaleyale na kutunzwa na mikono ileile. Aliyenona kwa nafaka halinganishwi na aliyekua kwa majani makavu. Rika moja huunganishwa na lingine kwa njia ya baba, kwa kuwa mbegu ya fahali mmoja yaweza kutumika katika mamia ya ranchi. Hapo ndipo unono wa malisho hutenganishwa na unono wa damu, kazi ambayo jicho haliiwezi hata liwe la mzoefu wa namna gani.

Sasa tuingie kwenye boma la Wamaasai. Mzee akitaka kujua kama dume dogo liachwe bila kuhasiwa, jambo la kwanza kuulizwa ni mama yake. Alitoa maziwa mwaka wa kiangazi? Alizaa mfululizo au aliruka miaka? Bibi yake je? Ng'ombe jike aliyeingia bomani kwa mahari au kwa zawadi hupewa jina, na uzao wake huhesabiwa kwa jina hilo, kizazi baada ya kizazi. Mtoto anayechunga ndama huzijua mbari hizo kabla hajajua kusoma.

Hoja ya mzee na hoja ya Henderson ni moja: usimwamini mnyama peke yake, waulize jamaa zake. Ila kumbukumbu ya boma hukomea ukingoni mwa boma. Mzee hawezi kumlinganisha fahali wake na wa mzee wa ng'ambo ya bonde, na malishoni makundi yanapochanganyika, upande wa baba hupotea kabisa. Hapo mapokeo ya tarakimu yana nguvu kubwa, nasi hatuna sababu ya kulikataa hilo.

Hata hivyo, kuna safu ambazo kitabu cha mnada hakikuwa nazo na boma lilikuwa nazo. Borani wa ranchi za Kenya, ambao chama cha wafugaji wao kilianzishwa mwaka 1951, wanatokana na ng'ombe walionunuliwa kutoka kwa Waborana na kuteuliwa kwa ajili ya nyama. Waorma wa Mto Tana nao wana Borani wao, waliokaa vizazi vingi kwenye mbung'o. Katika miaka ya 1980 watafiti waliwalinganisha ng'ombe wa aina hizi mbili kwenye ranchi ya Galana. Wale wa Waorma waliambukizwa nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, kwa kiwango kidogo zaidi, na walioambukizwa waliistahimili vyema zaidi. Mizani ya kuachisha ndama peke yake isingeligundua hilo kamwe.

Tarakimu nazo zina msiba wao. Mwaka 2008 ziliripotiwa habari za ndama wa Angus waliozaliwa wakiwa wamekufa, migongo imepinda, viungo vimekakamaa. Nyuzi za nasaba zilielekea kwa fahali GAR Precision 1680, aliyetumika sana kwa sababu ya tarakimu zake nzuri za mafuta ndani ya nyama. Hesabu ilikuwa imesema kweli juu ya ilichoulizwa. Haikuulizwa juu ya jeni yenye kasoro aliyoibeba. Cha kutia moyo ni kwamba kipimo cha vinasaba kilipatikana ndani ya miezi, tofauti kabisa na enzi za Hereford vibeti. Angus hao hao, baada ya wafugaji wa milima ya Colorado kulalamikia ng'ombe wanaokufa kwa shinikizo la damu ya mapafu kwenye miinuko, waliongezewa tarakimu ya tatizo hilo. Safu mpya huzaliwa pale mfugaji anapoidai.

Kwa hiyo naona ni kosa kununua mbegu ya Montana kwa ajili ya Kajiado au Longido kwa kutazama +60 yake tu. Tarakimu hiyo imepimwa kwa ng'ombe wanaokula na kunywa kwa namna nyingine, wasiomjua kupe wetu wala mwendo wa kutwa nzima kwenda kisimani. Na ni kosa vilevile kuiachia kumbukumbu ya wazee izikwe pamoja nao. Kuzaa kwa mfululizo, sifa ambayo mzee huiuliza, hurithiwa kwa kiwango kidogo, na ndiyo maana huhitaji kumbukumbu nyingi kuliko boma moja linavyoweza kutoa. Kuhusu baba aliyepotea malishoni, unywele wa mkia wenye mzizi wake unatosha maabara kumtambua, mradi na yeye amechukuliwa sampuli.

Wenye ranchi, vyama vya wafugaji na vituo vya utafiti, nendeni mabomani mkaulize ni safu zipi ziandikwe kabla ya kupanga daftari. Na wewe mfugaji, ndama atakayezaliwa msimu huu mwandikie tarehe, jina la mama, na dume lililompanda kama unalijua. Mwaka wa kiangazi ukifika, andika pia nani alisimama na nani alianguka.