Sayari Isiyo na Kabila: Katuni za Njozi na Kumbukumbu ya Vita Ituri

Toleo la kwanza la jarida la katuni la Kiingereza liitwalo 2000 AD lina tarehe ya 26 Februari 1977. Liliuzwa kwa peni 8, likachapwa kwenye karatasi hafifu ya magazeti, na ndani yake mlikuwa na hadithi tano za mfululizo. Mojawapo, Invasion!, inaieleza Uingereza ya mwaka 1999 iliyokaliwa na jeshi la taifa la kubuni. Dereva wa lori, Bill Savage, anaipoteza familia yake na kushika bunduki. Kwa mvulana wa London wa wakati ule hicho kilikuwa kisa cha kusisimua, jambo lisiloweza kutokea. Msomaji wa mtaa wa Nyakasanza, mjini Bunia, katika jimbo la Ituri mashariki mwa Kongo, hawezi kukisoma hivyo. Tarehe 19 Desemba 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kwamba Uganda iliikalia Ituri kijeshi, na tarehe 9 Februari 2022 ikaiamuru iilipe Kongo fidia ya dola milioni 325. Kilichobuniwa kule, huku kimo kwenye majalada ya mahakama.

Mtu anaweza kuhitimisha kwamba mahali palipopitiwa na mambo haya hapahitaji njozi. Hivyo ndivyo wanavyofikiri wengi wanaofadhili michoro katika mashariki ya Kongo: picha ziwe za kufundisha kunawa mikono, kujikinga na Ebola, kupiga kura, kuepuka mabomu yaliyofukiwa. Sipingi manufaa ya kazi hizo. Ninachopinga ni imani kwamba jamii iliyoumizwa inastahili maelekezo peke yake. Dai langu ni kwamba Ituri ina haja ya njozi kuliko London ilivyokuwa nayo mwaka 1977, na kwa sababu nzito zaidi.

Tuanze na jinsi 2000 AD yenyewe ilivyozaliwa. Mwaka 1976 kampuni ya IPC ilianzisha jarida jingine la vijana, Action, ambalo hadithi zake zilionyesha ukatili wa mitaa na viwanja vya mpira wa siku zilezile. Magazeti yalilishambulia, na Oktoba mwaka huohuo kampuni ikaliondoa sokoni. Liliporudi lilikuwa limeng'olewa meno. Pat Mills, aliyekuwa nyuma ya majarida yote mawili, aliihamishia hasira ileile wakati ujao. Katika Invasion! yenyewe, Warusi wa mpango wa awali waligeuzwa kuwa Wavolgani, watu wasiokuwapo duniani. Wiki moja baadaye, katika toleo la pili, alitokea Judge Dredd wa John Wagner na Carlos Ezquerra: askari ambaye ni mkamataji, hakimu na mnyongaji kwa pamoja, katika jiji lisilo na serikali ya kiraia. Umbali wa njozi uliruhusu mjadala juu ya polisi na dola ambao hadithi ya mtaa wa kweli ilikuwa imenyimwa. Wasomaji wa Ituri, ambako tangu Mei 2021 hali ya kuzingirwa iliwapa wanajeshi utawala wa jimbo na kuzipa mahakama za kijeshi mamlaka juu ya makosa ya jinai ya raia, wangekuwa na mengi ya kusema kuhusu Dredd.

Hata hivyo, udhibiti wa wakubwa sicho kikwazo kikuu cha mwandishi wa Bunia. Kikwazo ni jina la mhusika. Mpe mama jina la kwao, taja kilima anakotoka, mweke zizini au shambani, na msomaji keshaamua huyu ni Mhema au Mlendu, wa moja ya makabila mawili yaliyopigana katika vita vya Ituri, hata kama maisha halisi hayafuati mgawanyo huo. Tangu hapo hasomi, anahesabu: nani amechorwa akilia, nani amechorwa na panga mkononi. Nyakasanza ni mfano mchungu. Majeshi ya Uganda yalipoondoka mjini mwanzoni mwa Mei 2003, wanamgambo waliipigania mitaa, na watu waliokimbilia parokia ya Nyakasanza waliuawa humo. Nikiandika sasa sentensi inayofuata, ya nani aliwaua nani, baadhi ya wasomaji wangu wa Ituri wataniuliza kwa nini nimeanzia hapo na kuyaacha mauaji mengine, nao watakuwa na mauaji ya kutaja. Mhusika wa sayari ya mbali hana kilima. Anapomsaliti jirani yake kwa kuogopa, msomaji hulazimika kuutazama usaliti wenyewe kabla hajapata upande wa kuutetea.

Wala njozi si mgeni katika katuni za Kongo. Mwaka 1990, utawala wa Mobutu ukiyumba, msanii Papa Mfumu'Eto wa Kwanza alianza kuuza mitaani Kinshasa vijarida alivyovichora kwa mkono wake, kwa Kilingala. Kisa chake kilichovuma kilimhusu mtu aliyegeuka chatu, akammeza mwanamke na kutapika fedha. Watu wa Kinshasa hawakuhitaji kufafanuliwa utajiri wa wakubwa unatoka wapi na unamla nani. Jarida la Kiswahili, kuanzia Sani la Dar es Salaam hadi Shujaaz la Nairobi lililoanza 2010, limeegemea zaidi vichekesho na maisha ya mtaani. Njia ya chatu haijakanyagwa vya kutosha upande wetu.

Kuna pingamizi linalonisumbua kuliko mengine yote. Kuchora majitu na wanyama ndiko pia kulikotumiwa na waenezaji wa chuki. Gazeti la Kangura la Rwanda lilichapisha katuni kati ya 1990 na 1994, na mhariri wake, Hassan Ngeze, alitiwa hatiani mwaka 2003 na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, mjini Arusha. Katuni ikimvua binadamu ubinadamu wake, huwa imeshaandaa kazi ya panga. Ndiyo maana naithamini Nemesis the Warlock, iliyoanza katika 2000 AD mwaka 1980 kwa kazi ya Mills na mchoraji Kevin O'Neill. Humo mwenye pembe na kwato ndiye shujaa, na mwenye sura ya binadamu, Torquemada, ndiye anayehubiri usafi wa damu na kuwateketeza viumbe wa sayari nyingine. Msomaji anafika mahali pa kumwogopa anayefanana naye. Somo hilo ni gumu kulipata katika hadithi ya uhalisia Bunia, kwani kila mmoja huja na Torquemada wake, na daima ni wa upande wa pili.

Wengine watasema wahanga wanastahili majina, si mafumbo. Ni kweli, na kazi hiyo ni ya mahakama na wanahistoria. Lakini hata hukumu ya 14 Machi 2012 ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai dhidi ya Thomas Lubanga, kiongozi wa wanamgambo wa Ituri, ilihusu tu kuwaingiza jeshini na kuwatumia vitani watoto wa chini ya miaka 15. Ukatili wa kingono haukuwamo katika mashtaka. Panabaki eneo kubwa la maumivu ambalo hakuna hati iliyolishika.

Jambo la mwisho ni umbo la jarida lenyewe, nami naliona kuwa na uzito sawa na fani ya njozi. Kitabu cha mwandishi mmoja Bunia hupimwa kwa kabila la mwandishi hata kabla ya kufunguliwa. Jarida lenye hadithi tano huweza kuwakutanisha Mwaluri, Mhema, Mlendu, Mbira na mhamiaji kutoka Kivu ndani ya jalada moja, kwa Kiswahili ambacho wote hukitumia sokoni, majina yao yakiwa yamechapwa wazi kama 2000 AD ilivyoanza kuwatambua wachoraji wake. Anayelinunua kwa ajili ya hadithi ya mtu wa kwao huwa amekwisha kuzilipia nyingine nne, na kisa cha wiki ijayo kitamrudisha tena.